Ryokan wa Echigo: Furaha na Hisani kwa Kipimo cha Siku Moja

Dini ya Budha imezoea kusemwa na watu wa mbali kuwa ni dini ya majonzi. Sababu ya dhana hiyo haikujificha. Ukweli wa kwanza katika mafundisho yake ni kwamba maisha yamechanganyika na mateso: kuzaliwa ni taabu, kuugua ni taabu, kuzeeka ni taabu, na kufa ni taabu. Msomaji aishiaye hapo hufunga kitabu akidhani amekimaliza. Walakini mafundisho yale yale huhesabu hali nne za moyo ambazo mfuasi hutakiwa kuzikuza bila ya mpaka, nazo ni upendo mwema, huruma, furaha ya kufurahia heri ya mwingine, na utulivu. Furaha, basi, imo katika hesabu. Tena ni furaha ambayo mtu huipata kwa kuona mwenzake amepata.

Kuziandika hali hizo kitabuni ni rahisi; kuziona zikiishi barabarani, jikoni na shambani ni vigumu. Watu wa Japani watakapo mfano wa mtu aliyeziishi, humtaja mara kwa mara Ryokan, mtawa maskini wa jimbo la Echigo, aliyezaliwa mwaka 1758 na kufariki mwaka 1831. Mtu huyu hakujenga hekalu, hakuanzisha madhehebu, wala hakuchapisha kitabu maishani mwake. Sifa yake yote imesimama juu ya mambo madogo: alicheza mpira na watoto, aliomba mchele milangoni mwa watu, aliandika mashairi, alikaa na wakulima wakanywa pombe ya mchele pamoja. Yafaa kuuliza kama mambo madogo hayo yana uzito wa kuitwa wema, au yalikuwa burudani tu ya mtu aliyeukimbia wajibu wake. Swali hilo si jepesi, maana Echigo ya siku zake ilikuwa nchi ya dhiki.

Izumozaki, mji aliozaliwa, uko katika pwani ya magharibi ya Japani, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Niigata. Dhahabu iliyochimbwa katika kisiwa cha Sado ilishushwa katika bandari yake, kisha ikachukuliwa kwa nchi kavu kupelekwa Edo, mji ambao sasa huitwa Tokyo. Baba yake, aliyejulikana kwa jina la ushairi la Inan, alikuwa jumbe wa mji huo, na nyumba yao, nyumba ya Tachibana, ilikuwa na heshima ya miaka mingi. Eizo, kama alivyoitwa utotoni, alikuwa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo alilelewa ili aurithi ujumbe. Alisomeshwa vitabu vya wahenga wa China, akafundishwa kazi ambayo ingemtaka asimame kati ya watawala na wavuvi, asimamie kodi, na aamue magomvi ya watu. Alipokuwa na umri wa kama miaka kumi na minane aliiacha kazi hiyo, akaingia katika hekalu la Kosho-ji, la madhehebu ya Soto, ambalo lilikuwa karibu na kwao. Ujumbe ukamwangukia mdogo wake, Yoshiyuki.

Mtu wa leo aweza kudhani kuwa kuingia utawa katika zama hizo kulikuwa ni kuuacha ulimwengu. Mambo hayakuwa hivyo. Watawala wa ukoo wa Tokugawa, baada ya kuupiga marufuku Ukristo katika nchi yote mwaka 1614, waliamuru kila nyumba iandikishwe katika hekalu la Budha, na kuhani wa hekalu hilo ashuhudie kuwa watu wa nyumba hiyo si Wakristo. Kwa amri hiyo mahekalu yaligeuka kuwa kama ofisi za serikali. Kuhani alishika daftari la waliozaliwa na waliokufa, alipokea malipo ya mazishi na ya kumbukumbu za wafu, na neno lake liliweza kumfaa mtu au kumdhuru. Wako makuhani waliokuwa wacha Mungu wa kweli, na wako waliokuwa makarani wenye majoho. Kijana aliyeukimbia ujumbe wa mji angeliweza kujikuta amepewa ujumbe wa namna nyingine.

Mwaka 1779 alifika Kosho-ji mwalimu mashuhuri, jina lake Kokusen, na kijana yule akamfuata mpaka kwenye hekalu lake la Entsu-ji, huko Tamashima, kusini ya mbali. Akakaa huko miaka kama kumi na miwili katika taratibu kali za Soto: kuamka kabla ya alfajiri, kuketi kwa kutafakari, kufagia, kupika, kulima bustani, na kuomba sadaka. Mwaka 1790 Kokusen alimpa hati ya kushuhudia kuwa elimu yake imekamilika. Mwaka uliofuata mwalimu akafa. Mwenye hati kama ile alikuwa na njia iliyonyoka mbele yake: kupewa hekalu, kupata waumini, na kupanda vyeo. Ryokan hakuifuata njia hiyo. Alizunguka kwa miguu miaka kadhaa, kisha akarejea Echigo. Hakurudi nyumbani kwao Izumozaki, akawa mtu wa kuazima vibanda vitupu huku na huko.

Kibanda kilichofungamana zaidi na jina lake kiko katika mlima Kugami, ndani ya ardhi ya hekalu la Kokujo-ji. Kinaitwa Gogo-an. Maana ya jina hilo ni kibanda cha vipimo vitano, kwa sababu mtawa wa kale aliyekaa hapo alikuwa akipewa na hekalu vipimo vitano vya mchele kila siku, yaani pungufu kidogo ya lita moja. Jina hilo lilimfaa Ryokan kuliko lilivyomfaa mwenye kwanza, kwa sababu yeye hakuwa na posho yoyote. Chakula chake kilikuwa cha siku, nacho kilipatikana kwa kushuka mlimani na bakuli mkononi, kusimama mlangoni kwa mtu, na kungoja. Alipopewa, alikula, alipokosa, alilala na njaa. Pepo za kipupwe zitokazo upande wa Siberia huichukua mvuke ya bahari na kuimwaga Echigo kuwa theluji nyingi sana, na theluji hiyo huifunga njia kwa siku nyingi mfululizo. Katika siku hizo mtu wa kibandani alibaki na alichokuwa nacho, yaani kuni chache, mchele kidogo, na upweke. Mashairi yake ya majira hayo hayafichi kwamba upweke ulimuuma.

Kuomba sadaka katika dini ya Budha kuna adabu yake. Mtawa hapaswi kuchagua mlango wa tajiri na kuuruka wa maskini, wala kukasirika akinyimwa, wala kujiona mkubwa akipewa. Mwenye kutoa hutoa chakula, na mwenye kupokea hutoa mafundisho au mfano wa maisha. Ryokan aliichukua adabu hiyo kwa uzito. Walakini alikuwa msahaulifu wa ajabu. Mwenyewe ametunga juu ya siku aliyoliacha bakuli lake kando ya njia huku akichuma maua ya urujuani. Na mara nyingi kazi ya kuomba ilikatizwa na jambo jingine, nalo ni watoto.

Ndani ya mkono mpana wa joho lake aliweka mpira wa nyuzi, wa namna ambao wasichana wa Japani huudunda huku wakiimba na kuhesabu. Watoto wa vijijini walipomwona hutoka mbio kumlaki, na mtawa aliyehitimu kwa Kokusen huketi nao chini au hudunda mpira mpaka jua linakuchwa. Kera Yoshishige, mtu wa ukoo wa matajiri wa kijijini waliomfadhili Ryokan, aliyemjua tangu utoto wake, aliandika miaka kadhaa baada ya kifo cha mtawa huyo masimulizi mafupi juu ya tabia zake. Ndani yake mna mchezo mmoja wa kuchekesha. Watoto walitaja hesabu ya fedha, na kila hesabu ilipopanda Ryokan alijipinda nyuma kidogo kama aliyestaajabu, wakapanda, akajipinda, wakapanda tena, akajipinda mpaka akawa karibu kuanguka chali. Mara nyingine alijilaza kando ya njia kama maiti, na watoto wakamfunika kwa majani wakimzika huku wakicheka.

Wako waliomcheka yeye badala ya kucheka naye. Jina la kitawa alilojichagulia mwenyewe lilikuwa Taigu, maana yake mpumbavu mkubwa. Lakini upumbavu huo ulikuwa na asili katika elimu. Dogen, mwanzilishi wa Soto katika Japani, aliyeishi kutoka mwaka 1200 mpaka mwaka 1253, alieleza njia nne ambazo kwazo mtu wa Budha huwasaidia viumbe: kutoa, maneno ya upendo, matendo ya manufaa, na kujifanya sawa na wengine. Njia hiyo ya nne ndiyo inayosahauliwa upesi. Mtu mwema aghalabu hupenda kusaidia akiwa amesimama juu, na anayesaidiwa akiwa chini. Mtawa aliyelala chini ya majani ameikata ngazi hiyo. Mtoto wa mkulima, ambaye kila mtu mzima alimwamuru, alipata mtu mzima mmoja aliyemtii. Hata hivyo Ryokan hakudai kuwa alifanya hivyo ili kuwafundisha watoto. Alicheza kwa sababu aliupenda mchezo, na furaha yake haikuwa chambo cha mahubiri. Watoto huijua mara moja tofauti hiyo.

Njia ya pili, maneno ya upendo, ilimshughulisha zaidi kuliko zote. Aliyanakili kwa mwandiko wake maneno ya Dogen juu yake, na karatasi hiyo imehifadhiwa hata leo. Zaidi ya hayo alijiandikia orodha ndefu za makosa ya ulimi ya kujiepusha nayo. Makosa hayo si yale makubwa ya kusingizia na kutukana, ambayo kila dini huyakataza. Ni madogo madogo ya kila siku: kusema mno, kusema haraka, kumkatiza mwenzio kabla hajamaliza, kueleza jambo ambalo hukuulizwa, kuahidi kwa wepesi, kumwambia mtu utampa kitu kabla hujampa, na kuwasimulia wengine baada ya kumpa. Ameyatia pia mazungumzo yanayonuka utawa, yaani ya mtu atakaye ajulikane kuwa ameelimika rohoni. Waswahili husema kuwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ryokan alikwenda hatua moja mbele, akachunguza jinsi maneno yaonekanayo mazuri yanavyoweza kumwumiza mpokeaji. Atajaye zawadi kabla ya kuitoa humfanya mwenzake angoje na kunyenyekea. Na aitangazaye baada ya kuitoa humwuza mpokeaji kwa bei ya sifa. Hisani, kwa kipimo hicho, ni pamoja na kuilinda heshima ya aliyetendewa.

Ushuhuda mkubwa wa jambo hili umo katika masimulizi yale yale ya Kera. Ryokan alipokuja kulala nyumbani mwao siku mbili, wakubwa kwa wadogo walipatana, na nyumba ikajaa amani. Na alipokwisha kuondoka, amani hiyo ilidumu siku kadhaa. Mwandishi anasema wazi kwamba mgeni hakusoma vitabu vya dini mbele yao wala hakuwahimiza kutenda mema. Mara alikuwa jikoni akichochea moto, mara alikuwa ukumbini ameketi akitafakari. Shahidi huyu anaaminika kwa sababu hamfanyi Ryokan kuwa mtenda miujiza. Katika masimulizi hayo hayo mtawa huonekana akisahau vitu vyake na akidanganywa kwa urahisi.

Kipo pia kisa kinachosimuliwa sana, ambacho chapasa kupokewa kama mapokeo ya watu. Yasemekana kuwa Umanosuke, mtoto wa Yoshiyuki, alikuwa akifuja mali, na wazazi wakamwomba Ryokan amwonye. Akaja, akakaa siku kadhaa, hakusema neno. Siku ya kuondoka alimwomba kijana amfunge kamba za viatu vyake vya majani makavu. Kijana alipoinama alihisi tone la maji limemwangukia. Alipoinua uso aliona macho ya baba yake mkubwa yamejaa machozi. Ryokan akaenda zake, na kijana akaibadili tabia yake. Hata kama kisa hiki kimepambwa na midomo ya vizazi, watu wa Echigo walichagua kumkumbuka kwa jambo ambalo hakulisema.

Atakayedhani kuwa furaha ya mtu huyu ilitokana na kutojua huzuni na ayatazame maisha yake. Mama yake alifariki mwaka 1783, mtoto akiwa mbali Tamashima. Mwaka 1795 baba yake, aliyekuwa amekwisha kuuacha ujumbe, alijitosa katika mto Katsura, katika mji wa Kyoto, akafa. Mwaka 1810, baada ya mashtaka ya muda mrefu, Yoshiyuki alihukumiwa, na nyumba ya Tachibana ikapoteza cheo na mali. Yule mtoto wa kwanza aliyekimbia alishuhudia kuanguka kwa mzigo aliomwachia ndugu yake. Watoto wa vijijini waliocheza naye waliweza kuchukuliwa na ndui, na miongoni mwa mashairi yake yamo ya kuwalilia watoto waliokufa kwa ugonjwa huo, ameyatunga kwa sauti ya wazazi waliofiwa. Mwishoni mwa mwaka 1828 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Sanjo na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya elfu moja wakafa, na nyumba maelfu zikaanguka au kuteketea. Ryokan, mzee wa miaka sabini, alimwandikia rafiki yake barua ambayo imekuwa maarufu. Anamshukuru Mungu gani? Hamtaji yeyote. Anasema tu kwa muhtasari kuwa wakati wa msiba ukija ni heri kuupokea msiba, na wakati wa kufa ukija ni heri kufa.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani inapopata nguvu. Aliyepoteza nyumba na watoto katika Sanjo angepata faida gani kwa neno hilo? Na zaidi: Echigo ya siku hizo ilikuwa nchi ambayo wazazi waliozidiwa na umaskini waliwauza binti zao, wakapelekwa kutumika katika nyumba za anasa za majimbo ya mbali. Kodi ya mchele ilikuwa nzito, na mito iliyofurika iliharibu mashamba mara kwa mara. Ryokan aliyajua hayo yote, akayalia katika mashairi, lakini hakulima wala hakuipunguza kodi hata kwa punje moja. Alikula mchele wa watu waliokuwa na haja nao. Angelikuwa jumbe wa Izumozaki, labda angeliweza kumwokoa mtu mmoja au wawili kwa kalamu yake.

Hoja hiyo haifai kufunikwa kwa sifa. Ni kweli kwamba wema wa Ryokan haukuigusa sheria wala serikali, na wema wa namna yake hauwezi kuchukua mahali pa haki. Lakini yapo mambo mawili ya kuwekwa katika mizani. La kwanza ni kwamba milango miwili ya mamlaka iliyokuwa mbele yake, ujumbe na ukuhani, yote ilikuwa milango ya kuandika watu katika daftari na kuwadai. Jumbe mwema alikuwa bado mkono wa mtoza kodi. Anguko la Yoshiyuki ni dalili ya jinsi kazi hiyo ilivyoweza kumponda aliyeishika. La pili ni kwamba dhiki haichukui mchele tu. Humpokonya mtu pia kutazamwa kama mtu. Mkulima aliyezoea kuamriwa na mtoto aliyezoea kusukumwa walikutana na msomi wa mashairi ya China aliyewaomba chakula kwa unyenyekevu, akawaandikia herufi walipomtaka, akacheza nao kwa zamu. Hilo halikuwashibisha, wala halikuwa bure.

Tena ile barua ya tetemeko isisomwe peke yake. Aliyeiandika alikuwa akimwandikia rafiki aliyeokoka, na alikwisha kueleza kuwa yeye pia yu salama na kwamba kuona maafa hayo ni jambo la kusikitisha. Utulivu, ile hali ya nne ya moyo, haukuondoa huruma, hali ya pili. Kwa mtu huyu zilikaa pamoja katika karatasi moja.

Mwaka 1826, nguvu za kupanda mlima zilipomwishia, alihamia nyumba ndogo katika ua wa ukoo wa Kimura, huko Shimazaki. Mwaka uliofuata alitembelewa na mtawa mwanamke, jina lake Teishin, aliyezaliwa mwaka 1798. Tofauti ya umri wao ilikuwa kama miaka arobaini. Walipelekeana mashairi, wakajibizana kwa utani na heshima, na katika ugonjwa wa mwisho Teishin alikuwa kando yake. Ryokan alifariki mwanzoni mwa mwaka 1831. Mwaka 1835 Teishin alikamilisha mkusanyo wa mashairi yake, akauita Umande wa Yungiyungi, na bila ya kazi yake mengi yangelipotea. Mwaka 1918 Soma Gyofu, mwandishi wa Niigata, alitoa kitabu kilichoeneza habari za mpumbavu mkubwa katika Japani nzima. Na Kawabata Yasunari, alipopokea tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1968, alimtaja Ryokan katika hotuba yake. Hivyo mtu aliyekimbia daftari akaandikwa katika daftari la dunia.

Lakini kipimo chake hasa kimebaki katika neno dogo la Kera. Kera hakuandika kuwa nyumba yao ilipatana milele baada ya mgeni kuondoka. Aliandika kuwa amani ilidumu siku kadhaa. Asingekuwa mkweli, angeliongeza. Kisha, bila shaka, watu wa nyumba ile walirudi katika hali ya wanadamu: huyu alikasirika, yule alinuna, na moto wa jikoni ulihitaji mtu wa kuuchochea. Wema wa siku za kawaida hauwekwi akiba ghalani. Huliwa siku ile ile, kama vipimo vitano vya mchele, na kesho yake bakuli li tupu. Ndipo mtu huvaa viatu vyake, akashuka tena mlimani.